Bwana Koki

Tarehe 12 Juni 1668, katika jumba la Exeter House, mtaa wa Strand jijini London, mmoja wa mawaziri wa Mfalme Charles II alifunguliwa ubavu. Jina lake Anthony Ashley Cooper, wakati huo akiitwa Lord Ashley, Waziri wa Fedha, umri miaka 46. Dawa ya usingizi haikuwepo duniani. Ingechukua karibu miaka 180 mingine kufika. Chini ya mbavu zake palikuwa na uvimbe mkubwa, na ulipofunguliwa ulitoa usaha mwingi, na ndani ya usaha vitu kama vifuko na maganda laini. Mgonjwa alipona, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa karibu na muujiza.

Aliyesimamia tiba hiyo na kuiandikia kumbukumbu ni mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa mambo mengine kabisa: John Locke. Naam, Locke yuleyule wa falsafa, ambaye wanafunzi wa siasa hukaririshwa jina lake. Mwaka 1668 alikuwa bado hajachapisha kitabu hata kimoja cha falsafa, wala hakuwa na shahada ya udaktari, ila alikuwa amesoma sana tiba kule Oxford. Huko ndiko walikokutana mwaka 1666, waziri alipokwenda kunywa maji ya chemchemi akitafuta nafuu ya ubavu wake huohuo. Mwaka uliofuata Locke akahamia nyumbani kwake London. Baada ya upasuaji, nyumba nzima iliamini kwamba bila huyu bwana, mkubwa wao angekuwa kaburini.

Watu wa enzi ile walilaumu ajali. Mwaka 1660 Ashley alikuwa mmoja wa wajumbe waliotumwa Uholanzi kumwalika Charles arudi kutawala, na njiani gari la farasi lilipinduka, akaumia ubavu. Madaktari wa baadaye waliosoma kumbukumbu za Locke wameona jambo jingine: yale maganda yanafanana kabisa na uvimbe wa maji unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa. Ugonjwa huu kwetu Afrika Mashariki si hadithi ya makumbusho. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa na watu huishi karibu sana, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kurekodi viwango vya juu kabisa duniani, na kwa miaka mingi madaktari wamekwenda huko kupima matumbo na kupasua. Kwa hiyo mchungaji wa Turkana na waziri wa London wanaweza kuwa walibeba mdudu wa ukoo mmoja.

Lakini kilichonivuta mimi si upasuaji wenyewe. Ni kile kilichobaki baada ya upasuaji.

Tundu halikufungwa. Kwenye ubavu wa waziri uliwekwa mrija wa fedha (fedha ile ya madini, siyo ya benki, ingawa kwa Waziri wa Fedha utani unajileta wenyewe) ili uchafu uliobaki upate njia ya kutoka. Miezi ikapita. Locke akaanza kuwauliza madaktari wakubwa wa London: mrija utolewe au ubaki? Ukitolewa na tundu likaziba, je, uvimbe hautajaa tena kwa ndani? Mwishowe ikaamuliwa ubaki. Na ukabaki kweli. Bwana huyu aliishi na mrija ubavuni kwa zaidi ya miaka 14, mpaka siku ya kufa kwake. Alikuwa nao alipopewa cheo cha Earl of Shaftesbury mwaka 1672, alikuwa nao alipokuwa Lord Chancellor, alikuwa nao bungeni, alikuwa nao gerezani.

Miaka 14! Mimi nilikaa na wangu siku 19 tu.

Nieleze kidogo, maana kitu hiki asiyewahi kuwa nacho hakijui, na aliyewahi kuwa nacho hakisemi. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa titi. Ukitoka chumba cha upasuaji unakuta mpira mwembamba umetokeza chini ya kwapa, umeshonwa kwenye ngozi kwa uzi mmoja, na mwisho wake una kibuyu cha plastiki laini. Mwili uliopasuliwa hauachi kutoa maji. Pale nyama ilipoondolewa panabaki nafasi, na maji hukimbilia nafasi. Yasipotolewa yanajaa, kidonda kinavimba, na kikishavimba uchafu unapata makazi. Basi kazi ya mpira ni kuyanyonya. Unafungua kifuniko, unamwaga kwenye kikombe chenye mistari, unasoma kiasi, unakiminya kibuyu mpaka kitoe hewa yote, halafu ukiwa bado umekiminya unafunga. Kinapojaribu kurudi kwenye umbo lake ndipo kinavuta. Asubuhi na jioni. Mimi niliandika kwenye daftari la shule: 110, 95, 80, 80, 60. Rangi nayo inabadilika, kutoka damu hadi kama maji ya rosela, hadi kama chai ya rangi isiyokolea, hadi manjano. Muuguzi alisema tukifika chini ya 30 kwa siku nzima, siku mbili mfululizo, atautoa. Nilizisubiri namba zile kama watu wanavyosubiri matokeo ya kidato cha nne.

Hayo ndiyo ya tiba. Ya pili ni nguo, na hayo hayamo kwenye karatasi ya hospitali.

Kibuyu kinaning'inia. Ukikiacha, uzito wake unavuta ule uzi na unaona nyota mchana. Ukikibandika kwa pini kwenye nguo, siku utakayosahau na kuvua nguo haraka utakumbuka. Shangazi yangu alikiangalia siku moja, hakusema neno, akaenda kukata kipande cha kanga kuukuu, akashona kijimfuko chenye kamba mbili: moja ya shingoni kwa ajili ya kuoga, moja ya kiunoni. Juu yake dera, juu ya dera mtandio. "Mwanangu," akaniambia, "hatufichi. Tunasitiri."

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Kuficha unaweza kuficha peke yako, hata mwizi anaficha. Kusitiri mara nyingi unasitiriwa na mwingine: Mungu anakusitiri, mkeo anakusitiri, maiti anasitiriwa. Ndani yake mna mtu wa pili anayejua, na aliyeamua kutosema. Na kinyume chake tunacho pia, neno kali sana: kuumbua. Mungu ameumba, wewe unaumbua. Unamvua mtu umbo lake mbele za watu.

Kule mtaani habari zilivuja, kama zinavyovuja. Mpwa wangu wa miaka minne alikiona kibuyu akatangaza nyumba nzima kwamba shangazi ana bomu, na kusema kweli kinafanana na bomu la mkono. Hilo lilituchekesha. Lakini mama mmoja jirani naye akanipa jina: "yule wa chupa." Wiki ya pili nilikwenda kwenye shughuli ya harusi, dera limekaa vizuri, kijimfuko kimetulia, na nikasikia nyuma yangu, "Ndiye yule wa chupa." Halikuwa tusi, ni utambulisho tu. Nilikuwa na jina, na kazi, na watoto, na miaka 41 ya kuishi duniani, na vyote hivyo vilikuwa vimeingia chupani.

Kwa hiyo niliposoma yaliyompata Shaftesbury, nilisoma kwa jicho la mtu mwenye jambo lake.

Mavazi yalimsaidia. Oktoba 1666 Mfalme Charles alikuwa ametangaza mtindo mpya wa wanaume wa ikulu, vazi refu linaloshuka mpaka chini ya mapaja, na juu yake koti. Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, aliliandika. Chini ya nguo namna hiyo unaweza kubeba mengi. Na Pepys mwenyewe ni mfano wa kuchekesha wa upande wa pili: mwaka 1658 alipasuliwa akatolewa jiwe la kibofu, akalitengenezea kijaluba, akawa anawaonyesha watu, na kila mwaka akajitahidi kufanya karamu ya kuikumbuka siku ile. Kilichotoka mwilini kinaonyeshwa, kimekuwa ushindi. Kinachobaki mwilini, kinachotiririka bado, hicho hakina karamu.

Shaftesbury hakuwa na jirani wa kumpa jina. Alikuwa na maadui, tena maadui wanaojua kuandika. Kuanzia mwaka 1679 aliongoza vita ya kisiasa ya kumzuia mdogo wake mfalme, James, Mkatoliki, asirithi kiti. Nchi ikagawanyika vipande viwili, vijitabu vikamwagika mitaani London kama vikaratasi vya uchaguzi. Na upande wa mfalme wakakumbuka mrija. Wakamwita Tapski. "Tap" ni koki ya pipa, ile ya kufungulia mvinyo. Na ule mkia wa "ski" ni wa Kipolandi, kwa sababu Poland wakati ule ilikuwa ikichagua wafalme wake, na utani ulisema kwamba bwana huyu alikuwa na tamaa hata ya kwenda kugombea huko. Tuseme Bwana Koki. Mtu aliyekuwa mwanasheria mkuu wa ufalme, mwanasiasa hodari kuliko wote wa kizazi chake, akageuzwa pipa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mmoja wa wamiliki wa koloni la Carolina, na katiba ya koloni hilo ya mwaka 1669, ambayo Locke alishiriki kuiandika akiwa katibu, ilimpa mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Aliweka pesa kwenye Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watu kama mizigo. Mwaka 1678 ulipozuka uzushi wa njama ya Wakatoliki aliupanda kama farasi, na watu wasio na hatia walinyongwa. Mtu huyohuyo ndiye aliyesukuma sheria ya Habeas Corpus ya mwaka 1679, inayomlazimisha anayemshikilia mfungwa amlete mbele ya hakimu, na ambayo mawakili wetu wa Nairobi na Dar es Salaam bado wanaikimbilia ndugu wa mtu akipotelea mikononi mwa polisi. Yaani kama ni kumshtaki, mashtaka yalikuwepo, makubwa, ya kweli. Lakini walichokichagua ni mrija.

Hapo ndipo anapoingia John Dryden, na hapa wapenzi wa ushairi wa Kiingereza itabidi mnivumilie.

Julai 1681 Shaftesbury aliwekwa ndani ya Tower kwa shtaka la uhaini. Novemba, siku chache kabla ya kesi, Dryden, mshairi rasmi wa mfalme, alitoa "Absalom and Achitophel". Alichukua kisa cha Biblia: Absalomu anayemwasi baba yake Daudi, na Ahithofeli, mshauri mwerevu anayempotosha. Kila mtu London alijua Ahithofeli ni nani. Na picha ya Ahithofeli katika shairi lile ni kitu cha ajabu. Dryden anamchora mtu mwenye roho ya moto ndani ya mwili mdogo, roho inayoula mwili wake mwenyewe kwa kutotulia. Anamshutumu, lakini anamwona. Hata anakiri kwamba alipokuwa hakimu alikuwa mwadilifu. Mrija je? Haumo. Ugonjwa umo, udhaifu wa mwili umo, lakini koki hakuitumia, wakati kila mtunga vijitabu wa senti mbili alikuwa akiitumia.

Mimi naamini aliiacha kwa kujua. Si kwa huruma, hapana. Dryden wa mwaka huo hakuwa na huruma ya kugawa. Aliiacha kwa sababu alitaka kumshinda mtu mkubwa, na pipa halina ukubwa wa kushindwa. Watungaji wetu wa mashairi ya kujibizana walilijua hili zamani, na mashabiki wa taarabu wanalijua mpaka leo: mpasho unaochoma ni ule unaogusa tendo lako. Ukishaanza kuimba kilema cha mtu umeishiwa maneno.

Baraza la wazee wa mahakama lilikataa kumfungulia Shaftesbury kesi, tarehe 24 Novemba 1681. Wafuasi wake wakatengeneza medali ya kusherehekea, na Dryden akaitungia medali hiyo shairi jingine la hasira. Mwaka mmoja baadaye bwana akakimbilia Uholanzi, mgonjwa, na tarehe 21 Januari 1683 akafia Amsterdam. Mwili wake ulirudishwa kuzikwa kwao Dorset.

Sasa ndiyo ikaja aibu. Juni 1685, mfalme mpya ni yule James ambaye Shaftesbury alishindwa kumzuia, Dryden anatoa tamthilia ya kuimbwa, "Albion and Albanius", muziki wa Louis Grabu, mapambo ya gharama kubwa mno. Katika sehemu ya mwisho, jukwaani kunapanda mashine yenye umbo la mtu: uso mrefu, mwembamba, uliopauka, mabawa ya shetani, nyoka wamemzonga mwili. Na ubavuni mwake, koki. Kutoka kwenye koki inatoka sumu, na waasi wanainyonya.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Maana mtu yule alikuwa amekufa zaidi ya miaka miwili. Hakuna kura aliyoweza kuipiga, hakuna jibu aliloweza kuandika. Na kile kilichokuwa kikitoka kwenye mrija ule miaka yote, Locke alikijua: ni maji ya mwili unaojitahidi kupona. Kila siku ya miaka 14 mtu fulani, mtumishi au daktari au yeye mwenyewe, alikisafisha kile kipande cha fedha akakirudisha, akabadilisha kitambaa, akafunga vifungo vya vazi refu, na waziri akatoka kwenda kazini. Dryden akaligeuza tendo hilo la usafi kuwa chemchemi ya sumu. Na hata kama kazi haiwi mbaya, ukisoma hizi mbili utaona: ya mwaka 1681 inasomwa mpaka leo vyuo vyote, ya mwaka 1685 inatajwa na wanahistoria wa muziki tu, tena mara nyingi kwa kuilaumu. Ilichezwa mara sita hivi. Kisha habari zikafika London kwamba Monmouth, yule "Absalomu" mwenyewe, ameshuka pwani na jeshi, na ukumbi ukafungwa na hasara yake.

Wengine walifanikiwa kusitiriwa. Septemba 1871, kule Balmoral, Malkia Victoria alipata jipu kubwa kwapani, upande wa kushoto. Kiangazi chote magazeti yalikuwa yakimsema kwamba hajionyeshi kwa watu, na Waziri Mkuu Gladstone naye alikuwa amechoshwa na visingizio vyake vya ugonjwa. Safari hii ugonjwa ulikuwa wa kweli. Joseph Lister aliitwa kutoka Edinburgh, akalipasua, na kitambaa alichokiweka kiliposhindwa kupitisha usaha alikata kipande cha mpira kutoka kwenye mashine yake ya kupulizia dawa, akakilaza usiku kucha ndani ya asidi ya kaboliki, asubuhi akakiingiza kwenye jipu. Malkia alipona. Alikuwa na kwapa kama langu na mpira kama wangu, na hakuna aliyemtungia jina. Lister ndiye aliyependa kusimulia, uzeeni, kwamba yeye peke yake ndiye aliyewahi kumchoma malkia kisu.

Tangu hapo mirija hii imepewa majina, na yote ni majina ya madaktari. Kuna mpira wa Penrose, wa Charles Penrose wa Philadelphia. Kibuyu nilichobeba mimi kinaitwa Jackson-Pratt, kwa heshima ya madaktari wawili wa jeshi la maji la Marekani. Nimetafuta chombo chenye jina la mgonjwa nikapata kimoja tu, na hakimo kwenye vitabu vya tiba. Mwishoni mwa karne ya 17 ilichapishwa London kamusi ya misimu ya wahuni na wazururaji. Ndani yake, kwenye herufi S, limo neno "Shaftsbury". Maana yake waliyoiandika ni chombo cha galoni moja, kimejaa mvinyo, chenye koki.